Ngazi Saba za Kuiangamiza Nchi

Palikuwa na nchi, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Jina lake limekatazwa kutajwa kwa sababu ukilitaja utaulizwa iko wapi, ukieleza iko wapi utaulizwa inaendeleaje, na ukianza kueleza inaendeleaje hutamaliza bila kumtukana mtu. Hivyo ndivyo Serikali ya huko ilivyofikiri, na sisi wasimulizi tunaheshimu serikali za watu.

Waanzilishi wa nchi hiyo walikuwa na methali moja waliyoipenda kuliko zote: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali njema, hata kwetu ipo. Ila wao hawakuishia kwenye ufa. Walipomaliza kuziba nyufa zote walitazama dirisha, wakaona kwamba dirisha nalo ni ufa, tena mkubwa. Wakaliziba. Kisha wakautazama mlango. Ndiyo maana mgeni aliyefika mji mkuu alikuta majengo ya Serikali yana kuta nzuri kupita kiasi, na watumishi wanaingia kazini kwa kuinama, maana baada ya mjadala wa miaka miwili mlango ulibakizwa nusu.

Katika mojawapo ya majengo hayo ndimo ilimokuwa Idara ya Mwisho wa Mambo. Mwananchi aliyetaka lolote, awe anataka kuweka benchi nje ya nyumba yake au kupanda mpapai kando ya barabara, alipeleka ombi huko. Idara haikujishughulisha na jambo lenyewe, kwa kuwa jambo lenyewe mara nyingi halina ubaya. Kazi yake ilikuwa kuangalia jambo hilo litaishia wapi. Na kwa bahati mbaya, katika miaka yote ya Idara, kila jambo lilionekana kuishia mahali pamoja, yaani kwenye maangamizi ya nchi.

Msomaji Mkuu wa Idara alikuwa Bi Mwajabu, mama wa miaka arobaini na saba, mwenye sauti nzuri na kilemba kisafi. Hapakuwa na mwenzake. Aliwahi kutoka kwenye mpapai mmoja hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa sentensi saba tu, ngazi kama Idara ilivyoziita, bila kusita, na mwenye mpapai akaangua kilio kwa kuona balaa alilotaka kuliletea taifa. Kwa kazi hiyo alipewa cheti na kanga mbili. Nyumbani alikuwa mtu mwema, ila kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Mwanawe alipokuwa mdogo aliwahi kumwomba wafuge paka, na Bi Mwajabu akamweleza, kwa upole kabisa, jinsi paka huyo atakavyowafikisha gerezani.

Maombi ya wakubwa hayakuletwa pale. Waziri mmoja alipotaka kuegesha gari lake kwenye uwanja wa shule ya msingi, siku moja tu, hakuna aliyemsomea kitu. Leo uwanja huo una nyumba kumi na moja za mawaziri, na watoto wanasomea kwenye ghala la pamba. Bi Mwajabu aliwahi kuuliza sababu. Mkurugenzi wake, Dakta Mwinyipembe, alimjibu kwamba sisi huku tunasoma ngazi, na wakubwa hawatumii ngazi, wana lifti.

*

Mwana wa pekee wa Bi Mwajabu aliitwa Arafa. Mume wa Arafa alikuwa migodini katika nchi ya jirani, kwa hiyo Arafa alipopata mimba alirudi kwa mama yake, mtaa wa Bondeni. Mimba ilipofika mwezi wa nane, mkunga alimpima, kisha akampima tena.

"Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia," alisema. "Ukiona damu, hata tone, usiseme ngoja nivae viatu. Una robo saa ya kufika Hospitali Kuu. Ikizidi hapo, mwanangu, mimi sitakuahidi kitu."

Kwa robo saa mtu wa Bondeni angeweza kufika hospitali, akala na muwa njiani. Lango la Mashariki la hospitali hiyo lilikuwa hatua mia mbili tu kutoka nyumba ya Bi Mwajabu. Lakini lango hilo lilijengwa kwa ajili ya Kiongozi Mkuu, ili siku akiugua asicheleweshwe na umati. Lilikuwa halijafunguliwa kwa miaka ishirini na sita, kwa sababu Kiongozi Mkuu akiumwa hata jino hupanda ndege kwenda kutibiwa kwa watu. Wananchi walipita Lango la Magharibi. Kulifikia kutoka Bondeni kulitaka kuzunguka kilima kizima, mwendo wa saa nzima kwa mguu na zaidi kwa mkokoteni. Magari yalikuwa hayaruhusiwi kilimani, maana likiruhusiwa moja, na kadhalika.

Bi Mwajabu alilijua lango hilo vizuri kuliko alivyopenda. Miaka mitatu nyuma, mwanamume mmoja wa Bondeni aliomba mkewe, Tatu binti Mshamu, apitishwe hapo siku uchungu utakapoanza. Bi Mwajabu alimwandikia ngazi saba nzuri sana, ukumbi wa Idara ukazipigia makofi. Tatu alifia nyuma ya kilima, juu ya mkokoteni. Mazishini Bi Mwajabu hakwenda. Alijiambia kwamba akienda kwa huyu, itambidi aende kwa wote.

*

Dakta Mwinyipembe alimpokea akiwa amekaa, na Bi Mwajabu akasimama. Ofisi ile haikuwa na kiti cha mgeni, kwa sababu mgeni akishakaa atataka maji.

"Bi Mwajabu, wewe ni nguzo ya Idara hii," alisema Mkurugenzi baada ya kusoma ombi. "Sasa nguzo ikiomba kusogea kidogo, kidogo tu, paa litasema nini?"

"Siombi kusogea, Mheshimiwa. Naomba mwanangu apite mlangoni."

"Mlango! Unautaja kama kitu kidogo. Soma historia, mama. Hakuna taifa lililowahi kuvamiwa kwa kupitia ukutani bila kwanza kuwapo mlango."

"Ni siku moja, Mheshimiwa. Tena huenda hata damu isitoke."

"Kama haitatoka, ruhusa ya nini? Na ikitoka, hiyo ni dharura, na dharura ndiyo mama mzazi wa mazoea. Bandu bandu huisha gogo, Bi Mwajabu, na hili gogo ni la baba zetu." Alijifuta jasho, maana alikuwa mtu wa hisia. "Hata hivyo Idara haina roho mbaya. Atasomewa kama raia yeyote. Na atasomewa na wewe. Tukimpa msomaji mwingine watu watasema tumempendelea, na kesho..."

Hakumaliza. Katika Idara ile neno "kesho" lilitosha. Alifungua kabati, akatoa jalada la zamani, akampa.

"Huna haja ya kuandika upya. Hili hapa uliliandika mwenyewe, na halijapata kuandikwa bora zaidi. Badilisha jina tu."

Lilikuwa jalada la Tatu binti Mshamu. Bi Mwajabu alilichukua nyumbani, akaliweka kwenye meza ya chakula, akafuta jina moja na kuandika jingine. Ilimchukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Kisha akasoma alichoandika miaka mitatu nyuma, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala. Ngazi ya kwanza, mwenye kutoka damu anapitishwa Lango la Mashariki. Ya pili, kesho anakuja mwenye mimba asiyetoka damu, anauliza mbona yule. Ya tatu, wenye mimba wanakuja na wasindikizaji, na wasindikizaji wanakuja na sufuria za uji. Ya nne, penye uji pana biashara, lango linageuka soko. Ya tano, penye soko pana mbuzi, na mbuzi wanaingia wodini. Ya sita, madaktari wanawakimbia mbuzi, hospitali inafungwa. Ya saba, taifa lisilo na hospitali linakufa lote, na nchi inakwisha.

Aliona aibu ya kweli. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba aliona pia ufundi. Palipoandikwa mbuzi alikumbuka jinsi alivyofurahi siku alipowapata.

"Mama, usipoisoma itakuwaje?" Arafa alimuuliza. Alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu ameiweka juu ya mto.

"Watanifukuza, atakuja mwingine aisome."

"Na nikiisikiliza yote vizuri, nikajibu kwa adabu, watanipitisha?"

"Hajawahi kupitishwa mtu, mwanangu."

"Sasa kesho tunakwenda kufanya nini?"

Bi Mwajabu alilifunga jalada. Alimfunika binti yake shuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

*

Huenda msomaji hajui ombi lilivyosikilizwa katika nchi ile. Katikati ya ukumbi wa Idara palikuwa na ngazi ya mbao yenye vipandio saba. Mwombaji alipandishwa juu kabisa. Msomaji Mkuu akisoma sentensi ya kwanza, mwombaji alishuka kipandio kimoja na kusema kwa sauti, "Nimeona." Akisomewa ya pili, hushuka kingine, "Nimeona." Hivyo hivyo mpaka chini. Na chini sakafuni palichorwa ramani ya nchi kwa rangi nzuri, hivyo mwombaji akifika mwisho hujikuta amesimama juu ya taifa lake kwa viatu. Hapo askari wawili walipaza sauti, "Umeikanyaga!" Mwombaji aliomba radhi, akatia saini, akaenda zake. Watu walikuja kutazama na karanga zao, kama wanavyokwenda mpirani.

Siku ya Arafa ukumbi ulijaa mpaka mlango nusu ukazibwa na migongo. Ilibidi akinamama wawili wamsaidie kupanda. Alipofika juu alishika tumbo kwa mkono mmoja na ubao kwa mwingine, akamtazama mama yake, na mama yake akatazama karatasi.

"Ngazi ya kwanza," alisoma Bi Mwajabu. Sauti yake ilikuwa ile ile, na alijichukia kwa hilo. "Arafa binti Hamdani anapitishwa Lango la Mashariki, kwa sababu anatoka damu."

"Nimeona," Arafa akashuka.

"Ngazi ya pili. Kesho anakuja mwenye mimba asiyetoka damu, anauliza mbona yule."

"Nimeona."

"Ngazi ya tatu. Wenye mimba wanakuja na wasindikizaji, na wasindikizaji wanakuja na sufuria za uji."

Arafa alishuka kipandio cha tatu. Alifungua kinywa kusema nimeona, akakifunga. Kisha akageuka taratibu, akashika ubao, akakaa.

"Mama, nipumzike kidogo," alisema. "Miguu imejaa."

Mtu mmoja aliyekuwa akitafuna karanga aliacha taya hewani. Tangu Idara ianzishwe, maelfu ya watu walikuwa wamepita juu ya ngazi ile, wazee na vijana, wenye mipapai na wenye mabenchi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa. Wote walikuwa wameshuka kama wanaosukumwa mgongoni.

"Binti, inuka," alisema Dakta Mwinyipembe kutoka kitini kwake. "Ngazi ya nne inakusubiri."

"Inisubiri tu, baba. Kwani inakwenda wapi?"

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anakohoa.

"Haiwezekani!" Mkurugenzi alisimama. "Aliyekanyaga ya tatu ameshakuwa njiani kwenda ya nne. Hiyo ni kanuni! Kitu kikianza kushuka hakisimami!"

"Mbona mimi nimekaa?" Arafa akauliza. Hakuwa akibishana. Alikuwa amechoka, na aliuliza kama anavyouliza mtu aliyeambiwa chai imekwisha huku anaiona kwenye birika.

Bi Mwajabu aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akizisoma ngazi, na hakuwahi kujiuliza ni nani anayemsukuma mtu kutoka ya tatu kwenda ya nne. Sasa aliona. Hakukuwa na upepo wala mteremko wala majaaliwa. Mbao zilikuwa zimenyooka, seremala alizipiga vizuri, na mtu angeweza kukaa juu yake mpaka jioni. Aliyekuwa akiwasukuma watu wale wote ni yeye, kwa sauti yake nzuri.

Ndipo mwanamke mmoja aliyekaa mbele akapiga ukelele, akaonyesha kwa kidole. Damu ilikuwa imepita kwenye kanga ya Arafa, inachuruzika kwenye kipandio cha nne.

Bi Mwajabu alivuta droo ya meza. Ndani mlikuwa na mihuri miwili. Ule wa KATAA ulikuwa umelika mpini kwa kushikwa. Ule wa PITA ulikuwa mpya kabisa, na kidau chake cha wino kilikuwa kimekauka kama udongo wa kiangazi. Akatemea mate kidauni, akasugua muhuri, akaupiga juu ya karatasi kwa nguvu zake zote.

"Bi Mwajabu!" Dakta Mwinyipembe alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Bi Mwajabu, wakumbuke mbuzi!"

"Mbuzi wakija tutawafukuza, Mheshimiwa. Kwani nchi nzima haina fimbo?"

*

Walimbeba Arafa kwenye benchi la ukumbini, watu wanne, mbio, na Bi Mwajabu mbele na karatasi yake. Langoni alikuwapo mlinzi mmoja, Mzee Chondoma, aliyeajiriwa siku lango lilipofungwa. Aliipokea karatasi akaitazama juu chini, chini juu.

"Dada yangu, muhuri huu mimi siujui."

"Ndio wa ruhusa."

"Sijapata kuuona." Alitazama benchi, akaitazama ile kanga. "Mimi niliajiriwa kufunga. Kufungua sikufundishwa."

"Hakuna aliyefundishwa, Mzee Chondoma. Toa ufunguo."

Ufunguo uliingia, haukuzunguka. Wakamimina mafuta ya taa. Haukuzunguka. Mwishowe mzee mwenyewe alirudi nyuma hatua tano, akalipiga lango kwa bega, na komeo la miaka ishirini na sita likakatika kwa kutu. Robo saa ilikuwa imebaki na dakika chache, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzihesabu. Hospitalini mtoto alitolewa kwa kisu, wa kike, akiwa amepoteza rangi, akapigwa mgongoni mpaka akakasirika na kulia. Arafa aliongezwa chupa nne za damu. Alipofumbua macho jioni ile, mama yake alikuwa amekaa sakafuni chini ya kitanda chake, analia kwa sauti bila kujali nani anamwona. Aliwalilia hawa wawili kwa furaha, kisha akamlilia Tatu binti Mshamu kwa mara ya kwanza.

*

Sasa Serikali ikasubiri nchi iangamie.

Asubuhi iliyofuata Dakta Mwinyipembe alikwenda langoni na darubini na makarani watatu, kuipokea ngazi ya pili. Hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu alipita kuku, akaandikwa kwenye daftari, lakini baada ya mashauriano ikaonekana kuku hayumo katika jalada. Wanawake wa Bondeni wenye mimba zisizo na matatizo walikuwa nyumbani kwao wanapepeta mchele. Walipoulizwa kwa nini hawaji kulilia lango walijibu kwamba hawaumwi.

Kikaitishwa kikao cha dharura. Mkurugenzi alihutubia kwa saa tatu, na kiini cha hotuba kilikuwa hiki: "Waheshimiwa, Idara haiwezi kuwa imekosea. Ikikubali kwamba imekosea mara moja, kesho itaulizwa juu ya mpapai, keshokutwa juu ya mabenchi, na mwisho wake wananchi watataka kujua habari za uwanja wa shule." Hapo mawaziri kumi na mmoja wakakaa vizuri kwenye viti vyao. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba, kwa kuwa nchi imechelewa kuporomoka, Serikali itaisaidia.

Kwanza wizara zilitakiwa kila moja itoe mwanamke mjamzito mwenye afya, wakapangwa langoni, wakaamriwa waulize mbona yule. Jeshi lilipika uji. Wachuuzi wa soko kuu walihamishwa kwa amri na kuwekwa mbele ya hospitali, wakakaa pale wakiuziana wenyewe kwa wenyewe. Mbuzi sabini waliletwa kutoka shamba la magereza, na hao ndio walioleta taabu, kwa kuwa mbuzi hapendi harufu ya dawa. Ilibidi askari wawavute wodini kwa kamba, mmoja mmoja, wakiwa wamekaza miguu. Madaktari hawakuwakimbia. Mmoja alianza hata kumtibu beberu jicho. Basi madaktari wakapewa barua za uhamisho wa kukimbia, zenye tarehe na nauli ya daraja la tatu, na hospitali ikafungwa kwa kukosa madaktari.

Ilibaki ngazi ya saba. Hapo wataalamu walibishana sana, maana kila wakichungulia nje nchi ilikuwa bado ipo, vumbi lake na jua lake. Mwishowe redio ilitangaza saa mbili asubuhi, baada ya wimbo wa taifa: "Serikali inasikitika kuwatangazia wananchi kwamba nchi imekwisha, kama ilivyotabiriwa na Idara. Ofisi zote zitafunguliwa kama kawaida."

Bi Mwajabu alipewa barua ya kufukuzwa kazi yenye mistari miwili. Lango la Mashariki likajengewa ukuta.

*

Kilichomuuma Bi Mwajabu si barua. Kilichomuuma ni kwamba watu waliamini. Walikuwa wamewaona mbuzi kwa macho yao na askari wakiwavuta kwa kamba, lakini kamba ilisahaulika ndani ya wiki moja, mbuzi wakabaki. Mtaani wakasema, "Si walituambia?" Wale wale waliobeba benchi walisema hivyo. Jirani yake wa ukuta mmoja, Bi Chausiku, aliyekula naye futari miaka ishirini, alisimama barazani pake siku moja akatema mate chini.

"Wako alipita," alisema. "Sasa wetu wapite wapi?"

Bi Mwajabu alitaka kumweleza kuhusu kamba. Alizipanga hoja zake, akaona ziko sita au saba, zinafuatana vizuri, akachoka nazo kabla ya kuanza. Akainama, akaendelea kufua nepi za mjukuu wake.

Mwezi wa pili baada ya nchi kwisha, asubuhi, mlango wake uligongwa kwa kiganja. Alikuwa Bi Chausiku, kichwa wazi, kanga moja. Nyuma yake mwanawe Mbwana, muuza mkaa, alikuwa ameshika mkokoteni wake, na juu ya mkokoteni, katikati ya magunia, mkewe Mbwana alikuwa amejikunja na mkono kinywani. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

"Damu," alisema Bi Chausiku.

Hospitali Kuu ilikuwa na kufuli na mbuzi. Iliyobaki ilikuwa zahanati ya masista ng'ambo ya kilima, na baadhi ya madaktari waliohamishwa walisemekana wako huko. Saa moja na zaidi, kwa mkokoteni, kwenye mawe. Bi Mwajabu hakuuliza kwa nini wamekuja kwake. Alivaa viatu vya Arafa vilivyokuwa mlangoni, vikambana, akashika ubao wa nyuma wa mkokoteni upande wa kushoto, na Bi Chausiku akashika wa kulia. Mbwana akavuta mbele. Walipofika kwenye ukuta mpya uliokuwa lango, hakuna aliyeutazama. Wakakata kona wakaanza kupanda.

Bondeni jua lilikuwa limeshatoka. Huku kilimani bado kulikuwa na ubaridi, na gurudumu moja lilikuwa linapiga kelele. Mwanamke juu ya magunia alikuwa akihesabu kitu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Tutafika?" Bi Chausiku aliuliza. Pumzi zilikuwa zinamkata. "Niambie, Mwajabu. Wewe si ndiye uliyekuwa unaona kila jambo litakavyokwisha? Niambie tutafika."

Bi Mwajabu alitazama njia ilivyopinda mbele yao, ikajificha nyuma ya mwamba.

"Sijui, dada," alisema. "Sukuma."